Kichwa cha risasi chenye vitu viwili ndani: ni cha vita ya Mjerumani, cha mwindaji au cha AK? Tulinganishe

Ukiishi huku kwetu kati ya Himo, Kahe na mashamba ya miwa ya TPC, au ukiwa na shamba upande wa Longido, kuna siku jembe litakutolea kichwa cha risasi, na hilo wala si la ajabu manake vita ya kwanza ya dunia ilipita humuhumu mashambani. Shida inaanza pale kichwa kinapokuwa kimevunjika ncha au kimechanika ubavuni, halafu ndani unaona kitu ambacho hukutegemea, yaani sio madini ya risasi matupu bali vitu viwili, mbele kitu chepesi cheupe na nyuma kizito cheusi, au kuna ukuta katikati, au kuna kipande cha chuma kimesimama peke yake. Hapo kila mtu ana lake, mzee atakwambia hiyo ya Mjerumani, kijana anasema ya majangili, mwingine anakataa kabisa kwamba sio risasi ni sehemu ya mashine.

Mi kazi yangu Arusha ni karakana ya kuhifadhi nyara, ngozi na vichwa vya wanyama waliowindwa kwa kibali, kwa hiyo vichwa vya risasi navitoa sana kwenye mabega ya nyati, na kwa kuwa nyumbani ni Kahe vile vya shambani navyo naletewa. Kwa hiyo nimevishika vya aina zote hizi mbilimbili mkononi na ntakwambia vinavyotofautiana.

Kabla ya yote, hapa naongelea kichwa peke yake kilichokwisha kupigwa, chenye mikwaruzo ya mtutu. Ukikuta risasi nzima, kichwa bado kimekaa kwenye ganda lake, usiiguse, usiende nayo nyumbani, weka alama uwaite polisi, baruti kukaa ardhini miaka mia haimaanishi imekufa. Na kichwa chenye ncha iliyopakwa rangi, au chenye katundu kadogo ubavuni kalikozibwa kwa kulehemu, usikikate wala usikipashe moto, Waingereza kwenye vita ile walikuwa na vichwa vya kuwasha moto vyenye fosforasi ndani. Na kama umekikuta kwenye mzoga wa tembo au twiga huo ni ushahidi wa kesi, kiache kilipo, piga simu kwa askari wa wanyamapori walio karibu nawe. Afu nawa mikono, madini ya risasi ni sumu na ule unga mweupe unaokaa juu yake ndo mbaya zaidi.

Sasa tuje kwenye mgombea wa kwanza, ambaye kwa maoni yangu ndo anawachanganya watu wengi kuliko wote, kichwa cha .303 Mark VII cha Mwingereza. Kilianza kutumika 1910. Kina ncha kali, kitako bapa, uzito graini 174 ambazo ni gramu 11.3 hivi, urefu milimita 32 na kidogo, upana milimita 7.9. Gamba lake ni mchanganyiko wa kopa na nikeli ndo maana kikitoka ardhini ni cha kijivu kama sarafu kuukuu, na sumaku haikishiki. Ndani sasa ndo penyewe: sehemu ya mbele, kama theluthi hivi, ni alumini, na nyuma yake ni madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni ili yawe magumu (kuanzia hapa nikisema risasi iliyo ndani ya kichwa namaanisha hayo madini). Waliamua kwa makusudi kabisa. Kichwa cha zamani, Mark VI, kilikuwa na ncha ya mviringo na graini 215, wakataka kipya kiwe na ncha kali kinachopasua upepo na kiende kasi zaidi, lakini ukichonga kichwa kirefu chenye ncha kali ukakijaza risasi mwanzo mwisho kinakuwa kizito mno, kwa hiyo mbele wakaweka kitu chepesi, urefu ukabaki na uzito ukashuka. Alumini ilipokuwa inahitajika kwenye mambo mengine ya vita wakaweka massa ya mbao iliyoshindiliwa badala yake, na hiyo nayo utaikuta huku.

Kuna kimoja kilitoka kwenye mfereji wa kumwagilia Kahe, mwenye shamba akakileta kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Gamba lilikuwa limepasuka kuanzia puani mpaka katikati, pembeni ya ufa kuna kijani cha kutu ya kopa, na ndani mbele kuna unga mweupe umegandamana, ukiukwangua kwa sindano unakutana na kikoni kidogo chepesi kinachong'aa, bado kizima. Chini yake mpaka ulikuwa umenyooka kabisa, kana kwamba umekatwa kwa wembe, halafu risasi nyeusi mpaka kitakoni. Mwenyewe alikuwa na uhakika ni ya Mjerumani kwa sababu babu yake aliwahi kuwaambia Wajerumani walichimba mahandaki pale. Na ni kweli walichimba. Ila kichwa ni cha Mwingereza, na ukifikiria inaleta maana, aliyekuwa kwenye handaki ni Mjerumani na askari wake, risasi zilizokwama kwenye udongo wa handaki ni za anayemshambulia.

Historia yenyewe kwa kifupi: Longido kulipigwa tarehe 3 Novemba 1914. Machi 1916 majeshi ya Mwingereza chini ya Jenerali Smuts yakaingia kutokea Taveta, tarehe 11 na 12 yakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata, baada ya hapo Moshi ikachukuliwa, na tarehe 21 ikawa zamu ya Kahe, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akarudi nyuma kufuata reli ya Tanga. Upande wa Smuts kulikuwa na Makaburu, Wahindi, Waingereza na askari wa KAR, yaani jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, na risasi yao ni .303. Ila usije ukasema kichwa cha .303 lazima kilipigwa na mtu wa Smuts, kule Tanga Novemba 1914 Wajerumani waliteka bunduki na risasi nyingi sana za Mwingereza na wakazitumia. Kichwa kinakwambia kilitengenezwa wapi, nani alivuta hiyo haiandikwi juu yake.

Sasa weka cha Mjerumani pembeni yake. Hapa kuna viwili na vyote si vya ajabu ndani. Cha kwanza ni cha ile bunduki kubwa ya zamani, Mauser ya 1871, ambayo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Mjerumani, walikuwa bado wanaibeba vita inaanza, ile iliyokuwa inatoa moshi mzito wa baruti nyeusi adui akajua ulipo. Hicho ni dubwana la risasi tupu, halina gamba kabisa, milimita 11 na kidogo, gramu 25. Huwezi kukichanganya na kingine, ukikishika tu unajua. Cha pili ni cha Mauser mpya ya milimita 7.92, ncha kali, gramu 10 hivi, urefu milimita 28, na upana wake halisi ni 8.2. Ndani ni risasi mwanzo mwisho, hakuna alumini, na gamba lake ni chuma kilichopakwa kopa na nikeli, kwa hiyo sumaku inakidaka. Ardhini chuma hicho kinapata kutu ya kahawia na kuvimba, gamba linabanduka magamba magamba, wakati cha Mwingereza kinabaki laini. Kwa hiyo ukiwa na kichwa cha kijivu laini, sumaku haishiki, mbele kuna kitu cheupe, achana kabisa na habari ya Mjerumani.

Mgombea anayefuata ni AK, na hapa ndo venia, kile kifaa cha fundi cha kupimia upana, inakudanganya wazi wazi. Kichwa cha 7.62 kwa 39 cha Mrusi upana wake ni milimita 7.92, yaani kwa venia ya fundi wa kawaida ni sawasawa na .303. Nimeona watu wanabishana kutwa nzima kwa sababu ya hiyo namba, mmoja kapima kapata 7.9 kaandika .303 na mwingine kapima kapata hiyohiyo kaandika AK. Angalia vitu vingine. Cha AK ni kifupi, milimita 26 na nusu hivi, gramu 8 au pungufu kidogo, kitako chake kimechongwa kikapungua kwa nyuma wakati .303 ni bapa tu. Ndani kuna nguzo ya chuma laini imevalishwa risasi nyembamba kuizunguka halafu gamba la chuma lenye rangi ya kopa, kwa hiyo sumaku inakidaka kwa nguvu mpaka kinaruka. Ukikikata unaona duara tatu, gamba, risasi, chuma. Alumini hakuna. Kuna na ndugu yake mdogo wa 5.45 ambaye mbele ndani kuna uwazi, hewa tupu, ila huyo ni mwembamba wa milimita 5.6, hamuwezi kubishana.

Na huo uwazi unanipeleka kwenye jambo la .303 yenye massa ya mbao. Mbao inaoza. Kichwa kikikaa kwenye udongo wa majimaji kama wa mashamba ya mpunga ya Lower Moshi miaka yote hiyo, na gamba lina ufa, mbele unakuta tundu tupu, au vumbi la kahawia linalotoka ukipuliza. Mtu akiona hivyo anasema hiki ni cha kisasa chenye ncha wazi cha wawindaji. Sio. Angalia tundu linaishia wapi: kwenye .303 linaishia ghafla kwenye uso bapa wa risasi, na gamba la puani limefungwa, ncha ilikuwa nzima mpaka ilipopasuka. Cha mwindaji chenye ncha wazi mdomo wake upo tangu kiwandani na una ukingo.

Vya wawindaji sasa. Hivi viko vingi mno, ntataja vile tu vyenye vitu viwili ndani au vyenye umbo la kushangaza, na kwa Arusha utakutana navyo kwenye nyama, ngozi na mifupa zaidi kuliko shambani.

Kuna Nosler Partition, aliyekibuni ni Mmarekani John Nosler, alipata wazo 1946 baada ya kichwa alichompigia mnyama mkubwa wa kule kwao kupasuka bila kuingia ndani, akaanza kuviuza 1948. Ukikipasua kwa urefu gamba lake limechora herufi H, kuna chumba cha risasi mbele, ukuta wa kopa katikati, chumba cha risasi nyuma. Kikimpiga nyati chumba cha mbele kinafunguka na risasi yake karibu yote inapotea, cha nyuma kinabaki kizima. Ndo maana utakachokiokota ni kijiti kifupi kilichokunjwa ukingo wa mbele, ukigeuza kitakoni unaona risasi, ukigeuza mbele unaona kikombe cha kopa kitupu. Swift A-Frame nayo ina ukuta hivyohivyo ila risasi ya mbele imeshikishwa kwenye gamba isitoke, kwa hiyo unakuta uyoga mnene mzito. Mi nikiona kikombe kitupu nasema Partition, nikiona uyoga umejaa nasema A-Frame, na mizani mara nyingi inanikubalia.

Halafu kuna ndugu zao wa Kijerumani wa zamani zaidi, H-Mantel ya kiwanda cha RWS ya miaka ya 1930, ambayo gamba lake limekunjwa kwa ndani katikati kama kiuno, na TUG ya Brenneke ambayo ndani ina risasi mbili za ugumu tofauti, laini mbele na ngumu nyuma, moja imechomekwa kwenye nyingine kwa koni. Hizi ndo nazoziheshimu kwa kupotosha, kwa sababu walowezi wa Kijerumani walirudi Tanganyika kwenye miaka ya 1920 na mashamba yao yalikuwepo huku kaskazini, na bunduki waliyoipenda ni 9.3 kwa 62 ya Otto Bock ya 1905. Kwa hiyo kichwa chenye vitu viwili ndani na ambacho kweli ni cha Mjerumani kinaweza kuwepo shambani kwako, ila sio cha vita, ni cha mkulima aliyekuwa anafukuza nguruwe na nyati. Upana unakata shauri: 9.3 ni 9.3, .303 ni 7.9, hakuna kubahatisha. Ugumu unabaki kati ya 9.3 na .375 ambayo ni milimita 9.53, hapo venia iwe nzuri na kichwa kisiwe kimefura.

Mwisho kuna vya kopa tupu, kama Barnes X ya 1989 na wadogo zake, hivi havina kitu ndani, ni kopa mwanzo mwisho na kikifunguka kinatoa petali nne. Vinarefuka kuliko vya risasi vya uzito huohuo kwa sababu kopa ni nyepesi kuliko risasi, sentimita moja ya ujazo ya kopa ni gramu 8.9, ya risasi ni 11.3. Ni rahisi kuvitambua na sina cha kuongeza.

Sasa vifaa, kama una hela ya kimoja tu ununue kipi? Watu wengi wanakimbilia msumeno, wanataka kukata waone ndani. Mi nakataa. Ukikata umeharibu kitu cha historia, umejimwagia vumbi la risasi, na mara nyingi jibu ulikuwa unalipata bila kukata. Sumaku ni bei ya kutupa, itoe kwenye spika mbovu, na kwa sekunde moja imeshakutenganishia .303 ya wakati ule na AK na Mauser. Kasoro yake ni kwamba vichwa vigumu vya kupigia nyati na tembo navyo vingine vina gamba lenye chuma, cha Hornady DGS kwa mfano, na .303 za baadaye zipo zenye gamba la chuma, kwa hiyo sumaku inaanza kazi, haimalizi.

Mizani ya sonara, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, hiyo ndo ningenunua mimi kabla ya venia. Kichwa kinaweza kukunjika, kubonyea, kufura, upana ukapotea kabisa, lakini kama hakijapungukiwa kitu uzito wake uko palepale. Gramu 11 na kitu, 10, 8, 25, hivyo vinatengana vizuri bila ubishi. Osha udongo kwanza kwa maji na mswaki laini, usitumie siki wala ndimu, zinakula chuma.

Venia inakuja ya tatu, na ina mtego mmoja ambao sijaona watu wakiuongelea. Mtutu wa Lee-Enfield, ile bunduki ya .303 ya Mwingereza, ndani umechongwa mifereji mitano inayozunguka, na ndo inayoacha mikwaruzo kwenye kichwa. Idadi ikiwa haigawanyiki kwa mbili, upande mmoja wa kichwa ukiwa umeinuka, ng'ambo yake kabisa pamebonyea, kwa hiyo venia haiwezi kushika sehemu mbili zilizoinuka kwa pamoja, inasoma pungufu, unapata 7.8 au chini kidogo unaanza kuhangaika ni nini. Kwa Mauser na AK mifereji ni minne, unapima juu kwa juu bila shida.

Na hiyo mifereji yenyewe ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote na hakina gharama, kinataka jua la asubuhi na macho, au kamera ya simu ukivuta karibu. Simamisha kichwa ncha ikiwa juu, pitisha ukucha kuzunguka uhesabu mikwaruzo mipana iliyobonyea, halafu angalia inapanda ikilalia upande gani. Mitano na inapanda kuelekea kushoto, hiyo ni bunduki ya Mwingereza kama Lee-Enfield, Mauser haitoi hivyo na AK haitoi hivyo. Minne inapanda kulia, ni Mauser au AK, rudi kwenye mizani. Angalizo tu kwamba kuna Lee-Enfield za vita ya pili ya dunia zilitengenezwa na mifereji miwili, ila nazo zinaelekea kushoto. Bunduki za uwindaji nyingi zinaelekea kulia, na idadi inabadilika kwa kiwanda.

Kwa hiyo mkuu kama uko shambani na kichwa kimoja mkononi na huna kitu zaidi ya simu, hesabu mikwaruzo kwanza, kisha kitafutie sumaku, kisha kipeleke kwa sonara yeyote Moshi mjini akupimie, hiyo ni dakika mbili. Mitano kushoto, sumaku imekataa, gramu 11, weupe au tundu puani: Mark VII, andika hivyo na usihangaike tena. Kama una sumaku inayodaka na gramu 10 ni Mauser, ikidaka na gramu 8 ni AK. Milimita 9 na zaidi chenye ukuta au kiuno ni cha mwindaji, hapo nitumie picha ya kitako, ya ubavuni na ya mbele, rula ikiwa imelala pembeni yake, picha moja ya kutokea juu haitoshi manake ukuta wa Partition na kiuno cha H-Mantel kwa juu vyote vinaonekana kopa iliyokunjamana. Na uandike kilitoka kina gani na mita ngapi kutoka mferejini au relini, kwa sababu ukivipata vitatu vinne vimelala msitari mmoja ndo unaanza kujua handaki lilipita wapi.